Supu ya Mchaichai Bangkok

Jana jioni nilichemsha chai ya mchaichai hapa nyumbani Olasiti, mvuke ukanipanda puani, na moyo ukaanza kunienda mbio. Utanicheka. Mtu mzima anaogopa mchaichai? Ngoja nikueleze.

Baba alikuwa dalali wa vito mjini Arusha, na mara moja moja alisafiri na mawe yake hadi Bangkok kutafuta wanunuzi. Likizo moja, mama akiwa na kitoto kichanga na mimi nikiwa mtundu kupita kiasi, baba akaamua kunichukua. Nilikuwa na miaka minane. Mtaani nilitamba mpaka wenzangu wakanichoka. Tulipofika, maringo yote yaliniisha.

Niliogopa kila kitu. Baba alipenda kutembea, akanipeleka kuona mahekalu yenye mapaa yanayong'aa, na langoni zilisimama sanamu za majitu ya kijani, meno nje, marungu mkononi. Nikang'ang'ania shati lake. Katika hekalu jingine tulikuta sanamu kubwa lililolala, refu kuliko nyumba yetu, macho wazi, nami nikapita kwa kunyata lisije likaamka. Boti za mtoni zilinguruma na kuondoka kabla watu hawajakaa. Barabarani waliuza panzi na nge wa kukaanga. Baba akatafuna panzi huku akinichokoza, "Kwani senene wa Bukoba ni nini?" Mimi niliziba mdomo kwa mikono yote miwili, nikiogopa asije akanilisha.

Siku ya biashara akanipeleka kwenye kibanda cha supu, ng'ambo ya jengo la wanunuzi wa mawe. Mwenye kibanda alikuwa bibi mwenye mvi, ambaye baba alikula kwake kila safari. Walielewana kwa vidole na kucheka.

"Kaa hapa, mama," baba akaniambia, maana ndivyo alivyomwita binti yake. "Usinyanyuke. Navuka tu hapo, narudi."

Sasa, sisi watoto wa Kiarusha tulifundishwa kusalimia kwa kichwa. Unamwendea mkubwa, unainama, unangoja akuwekee kiganja utosini ndipo uondoke. Bibi yangu alikuwa na kiganja kikavu chenye harufu ya moshi na mchaichai. Naye alikuwa akisema kwamba mkubwa akikuacha umeinama bila kukugusa, ujue ameona jambo baya nyumbani kwenu na anashindwa kukuambia. Labda alitutisha tu tusipite watu bila salamu. Mimi niliamini.

Kwa hiyo nikasimama mbele ya bibi wa supu, nikasema shikamoo, nikainamisha kichwa changu kilichonyolewa. Nikangoja. Niliona kandambili zake za bluu na maji yakitiririka sakafuni. Mkono haukuja. Nikasogea karibu zaidi, akarudi nyuma. Nilipoinua macho, alikuwa ameunganisha viganja kifuani na kuinama yeye, uso umejaa haya.

Nikajua baba harudi.

Akaniwekea bakuli. Harufu ilikuwa ya chai ya mchaichai ya bibi yangu kabisa, lakini ndani walielea kamba wa baharini, na macho yao. Sikuigusa. Mlango wa jengo lile ulitoa watu wengi, na baba hakuwamo. Nilipanga jinsi nitakavyomweleza mama, kisha nikakumbuka kwamba sijui hata njia ya kufika kwa mama. Yule bibi akanipepea kwa kipande cha boksi, akisema maneno ya upole ambayo kwangu yote yalikuwa pole za msiba.

Baba alivuka barabara jua likiwa limeanza kushuka, akijifuta jasho. Nililia mpaka pumzi ikakwama. Nilipomweleza, alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Huku kichwa cha mtu hakiguswi, mama. Kwao ni kukuvunjia heshima. Huyu amekuheshimu."

Halafu akaniwekea kiganja chake kizima utosini, hapo hapo mbele za watu, na yule bibi akatazama pembeni kwa adabu. Ndipo nikala supu. Nilikula na kamba wenyewe.

Bibi yangu alishatangulia zamani. Watoto wa hapa siku hizi wananipungia mkono wakiwa getini, "mambo", basi. Sina ugomvi nao. Wiki iliyopita tulimzika baba nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Waombolezaji walipopungua akaja jirani yetu mzee, wa mwisho kati ya wale waliokuwa wakitugusa vichwa tukienda shule. Nikamwinamia. Naye, sijui aliona miwani yangu au viatu vyangu vya mjini, akaninyooshea mkono, kama anavyosalimiwa mgeni wa heshima.

"Pole sana, mama."

Niliupokea ule mkono nikiwa bado nimeinama. Hofu ya kibandani ikanirudia yote, nami nikajikuta natazama barabarani, kama kuna mtu anavuka.