Mkono wa Kunyamaza

Katika chama chetu cha wasichana, kiongozi akitaka utulivu hapazi sauti. Anainua mkono wa kulia na kufunga mdomo. Anayemwona anainua wake na kunyamaza, kisha wa pembeni yake, mpaka uwanja mzima unatulia. Hakuna anayeushusha wala kusema neno mpaka aliyeanza ashushe wake.

Nilifundishwa hayo Molo, ndani ya ghala la zamani la pareto, na mama mmoja mkulima wa viazi aliyeishia darasa la saba. Shamba lile lilikuwa la mlowezi, na chama kilikuwa cha mabinti wa walowezi. Watoto wa vibarua, yeye akiwa mmoja wao, waliwachungulia tu kupitia ua wa michongoma. Walowezi walipoondoka alikua, akaanzisha kikosi chake hapo hapo. Kila Jumamosi, baridi ikituuma masikio, tulijifunza mafundo kwa kamba za kufungia magunia. Mimi sikuwa na skafu, akanikatia moja kutoka kwenye leso yake.

Nilisoma, nikawa mwalimu Nakuru mjini, nikaanzisha kikosi mtaani Rhonda, hatimaye nikachaguliwa katibu wa tawi. Cheo kilinipanda kichwani, sitaficha. Nilipenda mihuri na vifungu vya katiba kuliko nilivyowapenda wasichana wenyewe. Nikaandika pendekezo kwamba kila kiongozi wa kikosi awe na cheti cha kidato cha nne, ili wafadhili watuone watu wa maana. Nilijua litamwondoa yule mama. Nikajidanganya kwamba tutamtafutia cheo cha heshima.

Mkutano mkuu ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Viongozi wa mashambani walikuja juu, na ilikuwa haki yao. Kura ilikuwa ya kunyoosha mikono, na pendekezo lilihitaji thuluthi mbili. Mwenyekiti, mama wa mjini aliyeletwa kwenye kamati bila kupitia kikosi chochote, aliwaomba wanaokubali wanyooshe mikono, lakini kwa zile kelele hakuna aliyemsikia. Nikasimama mbele, nikainua mkono wangu. Mwanzoni nilitaka watulie tu, naapa.

Ukumbi ukatulia. Mikono ikapanda kila upande, hata ya wale waliokuwa wakinipigia kelele dakika hiyo hiyo.

"Asante. Katibu, hesabu," mwenyekiti akasema.

Ningeushusha mkono wangu, nusu yao wangeshusha yao na kuendelea kubishana. Nilijua hivyo vizuri kabisa. Sikuushusha. Nilipita mstari kwa mstari, nikihesabu kwa kidole cha mkono wa kushoto, mpaka nikafika dirishani alipokuwa ameketi yule mama wa Molo. Mkono wake wa kizee ulikuwa juu, midomo imefungwa, macho yananiangalia. Nikamhesabu. Mwenyekiti alipogonga meza kwamba limepita, ndipo nikaushusha. Waliolalamika waliambiwa kura imeshapigwa, na muhtasari niliuandika mimi mwenyewe kwa mwandiko safi.

Miezi michache baadaye nilitumwa Molo kuchukua bendera ya kikosi chake kilichovunjwa. Tulikuwa tumetafuta mwalimu mwenye cheti wa kumrithi, wala hakupatikana hata mmoja wa kuacha kitanda chake Jumamosi na ile baridi. Cheo cha heshima hakikuwahi kutajwa tena. Nilimkuta ameipiga bendera pasi na kuikunja vile alivyotufundisha. Alinipa chai ya maziwa, akaniuliza habari za watoto wangu. Afadhali angenitukana.

Nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza swali la mwoga. "Shosho, siku ile si ungekataa tu?"

Alinitazama kana kwamba nimesahau somo rahisi.

"Ningekataa aje, msichana wangu, na mkono wako ulikuwa juu? Mimi nilikuwa nangoja ushushe."

Najuta. Nimejaribu kuliandika jambo hili kwa kamati mara mbili, na mara zote mbili nimeichana barua. Ghala la pareto sasa linawekwa viazi. Bendera iko kabatini kwangu, bado imekunjwa vile alivyoikunja. Na wasichana wangu wa Rhonda wakipiga kelele, nawaita kwa filimbi. Wameniuliza mbona vikosi vingine huinua mkono na sisi hatuinui, nami nikapuliza filimbi tena.