Wanawake wa Ain Sfaya

Mannoubia Gharsalli alikuwa muuguzi katika zahanati moja chini ya milima ya Kef, huko Tunisia. Mwaka mkoa ulipofanya utafiti wa saratani ya matiti, alipewa orodha ya wanawake waliochaguliwa kwa kura, mjini na milimani, awalete wapigwe picha za matiti. Wa mjini walikuja upesi. Ain Sfaya, kijiji cha milimani, kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, kwenye tope. Alipanda mara moja, akakuta watu wote wako mashambani wakivuna mizeituni. Hakurudi. Kwenye fomu zao aliandika "amekataa", na nafasi zao akazijaza kwa wake za walimu na makarani wa mjini.

Matokeo yakasema chini ya miaka hamsini ugonjwa ni nadra. Mkoa mzima ukaamriwa kupima wanawake kuanzia miaka hamsini tu.

Baadaye alikuja Khemissa, muuza mikate wa Ain Sfaya, mwenye miaka arobaini na mbili.

"Sista, nipige picha na mimi. Kwetu ugonjwa wa titi unaua hata wenye umri kama wangu."

"Rudi ukifika hamsini, mama. Ndivyo utafiti ulivyosema."

"Utafiti gani? Kwetu hakuja mtu."

Mannoubia alicheka kidogo, akaita anayefuata. Mwaka uliofuata Khemissa alirudi na uvimbe mkubwa kama yai. Titi likakatwa. Siku hiyo Mannoubia alifungua kabati la fomu za zamani, akalikuta jina la Khemissa, na mbele yake, kwa mwandiko wake mwenyewe: "amekataa".

Siku nne zilipita. Ya tano alimwendea Daktari Hatem, kiongozi wa utafiti, akamweleza yote.

"Unajua nimezitetea hesabu hizi mbele ya watu wangapi?" daktari aliuliza.

Lakini aliandika barua ya kusahihisha matokeo. Mashine ya picha ikapandishwa Ain Sfaya, na wagonjwa wengine watatu wakapatikana, wote chini ya hamsini. Amri ikabadilishwa. Mannoubia akaondolewa kwa wagonjwa, akapelekwa stoo ya chanjo, wala hakulalamika.

Kisha alipanda mlima kumwona Khemissa, akamwambia yote mlangoni, bado amesimama.

"Kwa hiyo ulihesabu wake za walimu," Khemissa alisema, "ukasema ndio sisi?"

"Ndiyo. Nisamehe, dada."

"Sijui kama nitaweza." Alisogea kumpisha. "Binti yangu ana ishirini na tano. Yuko ndani. Mwambie mwenyewe lini aje kupimwa."

Mannoubia akavua viatu, akaingia, huku akishindwa kuinua macho.