Maboksi ya tende yalimwangukia Bi Mwanaidi stoo, ripoti ikaletwa tusaini

Wakuu, heshima zenu. Haya sikusimuliwa, nilikuwepo.

Nafanya kazi duka la jumla, Mpendae, hapa Unguja. Digrii yangu ni ya mambo mengine kabisa, tuyaache.

Kabla ya Ramadhani tunajaza tende mpaka karibu na dari. Mzigo mpya unapandishwa juu ya wa zamani, na wa zamani ndio unaotakiwa utoke kwanza. Basi mmoja anachomoa boksi la chini, mwengine anaegemeza mgongo kuzuia ya juu.

Wiki yangu ya kwanza niliuliza kwa nini tusipange upya. Kassim, msimamizi wetu, akanijibu: "We msomi, hapa pana kazi, hapana darasa."

Siku ya tukio aliyekuwa akizuia ni mimi, na anayechomoa ni Bi Mwanaidi, mfanyakazi mwenzetu wa miaka mingi. Kassim akaniita kaunta, wateja wamejaa. Nikamwambia Bi Mwanaidi, "Nisubiri." Kassim akapiga kelele boksi linatakiwa sasa hivi. Bi Mwanaidi akachomoa peke yake.

Yakashuka sita. Mfupa wa bega ukavunjika.

Kesho yake bosi wetu, Mzee Haji, akaleta ripoti tusaini kama mashahidi: ajali imetokana na uzembe wa mfanyakazi. Maana yake Bi Mwanaidi, miaka yote ile dukani, hana kazi.

Nikakataa.

"Kijana, hii kadari ya Mungu," akasema.

"Kadari naiamini, mzee. Lakini hapa pameandikwa uzembe. Tushike lipi?"

Kassim akacheka, halafu akajidai anakohoa.

"Na kama anatafutwa mzembe," nikasema, "mimi ndiye niliyeondoa mgongo. Niandikeni mimi. Ila kwanza twende stoo."

Rundo jengine lilikuwa vile vile.

"Samahani mzee. Kama kosa ni mikono ya Bi Mwanaidi, chomoa wewe hilo la chini."

Akainama, akalishika. Akatazama juu.

Akaliachia.

Ripoti iliyopelekwa inasema mzigo ulipangwa vibaya. Bi Mwanaidi anatibiwa na nafasi yake ipo. Sisi tunapanga upya kila mzigo ukiingia, na Kassim hanisemeshi.

Nilichojifunza: karatasi usiisaini mezani, nenda nayo pale pale mtu alipoumia.

Mnaofanya kazi madukani, kwenu boksi la chini linatokaje? Na anayeona nilimvunjia mzee heshima aseme, nipo nasoma.