Zamu ya Shemeji

Shemeji yangu simpendi, na sitaanza leo. Ni kaka wa marehemu mume wangu, na huu mwaka wa ishirini na mbili ndiye anayefungua na kufunga lango la mfereji unaonywesha mashamba yetu. Ufunguo wake hauvui shingoni hata akioga. Mkewe aliwahi kumwambia, "Basi lala nao, mimi nakwenda kwa mama." Hakucheka.

Kila shamba lina zamu yake mara moja kwa siku nane, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni; baada ya hapo ni wenye zamu za usiku. Mwenye shamba lazima awe langoni zamu inapoanza. Mwezi uliopita nilichelewa, mama yangu aliamka na homa. Nafika mbio, nahema, namkuta keshampa jirani maji.

"Zamu yako imepita, shemeji."

"Nyanya zangu zinakauka!"

"Imepita."

Nilimtukana mbele za watu, matusi ambayo hata mimi sikujua kama ninayajua.

Kisha nikafanya ujinga. Mimi na majirani wawili tulichimba mtaro ukakata barabara, tuvute maji yanayomwagika kutoka mashamba ya ng'ambo. Yakishapita langoni hayamhusu, tulisema. Akapita, akauangalia.

"Lori litapita wapi?"

"Kichwani kwako!" nikamjibu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Nyanya ziliiva, acha kabisa! Matenga arobaini, unga wetu wa miezi mitatu. Juzi lori likaja kuzipeleka sokoni mjini. Lilipopakia na kuondoka, gurudumu la mbele likazama kwenye ule mtaro wetu. Tunasukuma, maji yanazidi kuja, tope linazidi kulainika. Dereva akafoka, "Saa kumi na moja nashusha mzigo, natafuta wa kunivuta, na huku sirudi tena!" Matenga ya chini yalishaanza kuvuja.

Mara maji yakakatika. Shemeji alikuwa amefunga lango. Akaja na koleo begani, hakunisalimu, akaanza kujaza mawe mtaroni. Tulihangaika naye mchana kutwa. Saa kumi na nusu lori likatoka, na nyanya zangu zikaenda.

Ndipo jirani akaniambia kuwa zamu ya siku ile ilikuwa ya shemeji mwenyewe. Vitunguu vyake viliambulia matone tu kabla hajafunga lango. Nilimfuata langoni, roho inaniuma.

"Fungua basi, jua bado lipo. Nywesha vitunguu vyako."

Akamfungulia mwenye zamu ya usiku.

"Yangu imepita, shemeji."

Mtu gani huyu! Angenitukana tu ningelala. Leo vitunguu vyake vimelala chini, vimekuwa njano, na mimi kwenda shambani nazunguka nyuma ya nyumba yake nisivione.