Mwachie Mtoto Macho Yake

Nakumbuka, mwanangu, alasiri moja ya kiangazi, mpunga ukiwa umeshavunwa na majaruba ya nje ya Ifakara yamekauka kiasi cha kupitisha pikipiki. Kila mavuno yakiisha vijana walishindana humo. Matuta yanayotenga jaruba na jaruba ndiyo tuliyarukia. Hakuna aliyehitaji kujenga uwanja. Baba yangu, fundi pikipiki pale mjini, alinipunguzia pikipiki kuukuu ikalingana na kimo changu, akaamua kwamba mwaka ule ningewashinda wote wa rika langu.

Alinifundisha kwa bidii, hilo silikatai. Alisimama kwenye kona mbaya kuliko zote, ng'ambo ya tuta, ameshika kitambaa chekundu. Kikiwa juu, nivute mafuta. Kikishuka, nishike breki. Na kelele juu yake: "Kiwiko juu! Usikae! Unaogopa nini, we si mtoto wangu?" Nilikuwa hodari wa kutii. Nilizoea kukitafuta kitambaa kabla ya kuitazama njia.

Udongo wa kule unaujua. Masika unanata mguuni, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Alasiri ile niliuona ufa chini ya tuta, mpana, umekata njia yangu. Baba, pale aliposimama, hakuweza kuuona. Kitambaa kilikuwa juu. Nikavuta mafuta.

Tairi la mbele lilizama, nikarushwa, nikaangukia bega. Mtulinga ulivunjika. Baba alikuja mbio. Akainua pikipiki kwanza, akazungusha usukani kuona kama umepinda, ndipo akanigeukia: "Kwa nini umesitasita?"

Mzee Mabula, jirani yetu Msukuma, alikuwa akichunga karibu. Aliwaacha ng'ombe kwenye mabua, akaja, akapiga magoti, akanifunga mkono kifuani kwa shuka lake.

"Fundi," alisema bila kumtazama baba, "pikipiki yako nzima?"

Baba aliona haya, akajaribu utani. "Ah, mzee, rudi kwa ng'ombe zako. Injini utaziweza wapi?"

"Injini siziwezi. Maksai nawaweza. Maksai mpya namfunga nira na mkubwa anayejua kazi, kisha nanyamaza. Nikimfokea kila hatua, atalima amenitegea sikio mimi, plau itakwenda anakojua shetani. Hebu muulize mwanao kama aliuona huo ufa."

"Uliuona?" baba akaniuliza.

"Niliuona, baba."

"Sasa kwa nini..."

"Kitambaa kilikuwa juu."

Baba alichuchumaa kando ya ufa, akautazama kwa muda. Kisha akanibeba mgongoni hadi barabarani, tukaenda hospitali. Pikipiki ilibaki palepale shambani.

Mfupa uliunga. Lakini kiangazi kilichofuata nilimwambia mama kwamba siendeshi tena. Ukweli ni kwamba sikujua kama nataka au sitaki, kwa sababu kutaka ilikuwa kazi ya baba. Baba alisikia, wala hakunitajia pikipiki tena. Ukapita kama mwezi hivi, nikaitoa mwenyewe.

Siku hiyo baba alikuja akakaa juu ya tuta. Kunyamaza kulimtesa, nilimwona akitafuna ukosi wa shati. Niliporudi alisimama. Halafu akauliza, "Umeona nini kule?"

Hakuwa amewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia kuhusu tuta lililomomonyoka upande mmoja, na mahali ambapo chini bado kuna tope ingawa juu pamekauka. Niliongea mpaka tukafika nyumbani. Katika mashindano nilikuwa wa nne, na ile nafasi ya nne ilikuwa yangu.

Mwanangu, Jumamosi iliyopita nilikuona ukikimbia kando ya njia, simu mkononi, ukimfokea binti yako aliyekuwa juu ya pikipiki mpaka sauti ikakukauka. Sisemi humpendi. Asiyejali angebaki nyumbani. Nasema tu kwamba alipofika kwenye tuta, alikuwa anakutazama wewe.

Mfundishe kabla hajawasha injini. Itembeeni njia kwa miguu, yeye akiwa mbele, akuonyeshe anachokiona. Akishaondoka, nyamaza, hata kama ni kwa kutafuna shati. Akirudi, uliza kwanza. Akianguka, mkimbilie yeye, chuma kitasubiri. Na akikuambia amechoka na mbio, mwamini kama unavyomwamini akisema ana njaa. Yapo mashindano atakayoyakosa kwa ajili hiyo, nawe utaumia. Vumilia. Atakuwa mtu mzima katika njia ambazo wewe hutakuwepo kumwelekeza, na huko atahitaji kuyaamini macho yake.

Mungu amlinde binti yako, amjalie mifupa imara na moyo usiotishika. Nawe akupe utulivu wa kumtazama akienda, na akurudishie mtoto mzima kila jioni.