Atuganile na Kilio Kisichokuja

Mimi na dada Atuganile tumekaa masjala moja mwaka wa sita sasa, meza kwa meza, katika ofisi ya serikali huku Temeke. Tunapokea barua, tunazigonga muhuri, tunazitia kwenye majalada. Kazi yake nyingine, ambayo haimo kwenye barua ya ajira lakini ndiyo iliyompa jina, ni kuichezea ofisi drafti kwenye michezo ya watumishi.

Zamani alikuwa mtu wa hasira. Drafti yenyewe aliijua, tatizo lilikuwa watazamaji. Anayecheza drafti hachezi na mtu mmoja, anacheza na benchi zima: huyu anamwimbia, yule anamuuliza kama nyumbani kaacha maharage jikoni. Dada Atu alikuwa akimjibu kila mmoja. Akimaliza kujibu, kete zimekwisha. Siku moja pale Mtoni aliinuka akaupindua ubao, vizibo vya soda vikatapakaa hadi barabarani, na aliyevikusanya ni mimi.

Ndipo akaenda kwa mwalimu Rogers, anayefundisha karate Jumamosi asubuhi kwenye darasa la shule moja Mbagala. Mateke hakuyataka. Alitaka kile kikao cha mwanzo na mwisho wa mazoezi, ambacho wenyewe wanakiita mokuso: unapiga magoti, unakalia visigino, unafumba macho, unahesabu pumzi mpaka kumi, kisha unaanza tena moja. Likija wazo, hulifukuzi wala hulikaribishi.

"Liache lipite, dada," Rogers alikuwa akimwambia. "We hesabu tu."

Nilimcheka. Nilimwambia kama ni kupiga magoti, kanisani kwao nafasi zipo. Lakini mwaka uliofuata alirudi na kikombe, na uliofuata tena. Benchi lilipiga kelele mpaka likachoka, wakambandika jina la Friji. Hata bosi alipomfokea kwa jalada lililopotea, alimtazama tu, na bosi akarudi ofisini kwake. Nilimwonea wivu, nakiri.

Aprili mama yake akafariki.

Kwao Tukuyu, anayefika msibani huanza kulia tangu njiani, migombani, na waliomo ndani wakimsikia hutoka kumpokea kwa kilio chao. Dada Atu alishuka kwenye gari na begi lake akaanza kutembea. Aliniambia mwenyewe kwamba alipoliona paa la nyumba, kitu kilianza kumpanda kifuani, na kabla hakijafika kooni alikuwa ameshahesabu nne, tano, sita. Hakukusudia. Kikapita. Akaingia mpaka sebuleni, akakaa kwenye mkeka, na hakuna aliyejua kwamba mtoto wa marehemu amefika mpaka mama yake mdogo, Tupokigwe, alipogeuka kuomba maji.

Mama mdogo alisubiri mpaka wakazika. Halafu akamwita pembeni.

"Mama yako alikukosea nini?"

"Hakunikosea, mama."

"Basi Septemba tunajengea kaburi. Uje na kilio chako."

Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu, amlilie mama yake. Si kwa ajili ya watu, aliniambia, ila kwa sababu hajui amemweka wapi. Alijaribu. Aliitazama picha, akasikiliza sauti ambazo mama alimrekodia kwenye simu akimuuliza kama mchele umefika. Hesabu ilianza yenyewe. Alirudi kwa Rogers amfundishe namna ya kuiacha, na Rogers akakuna kichwa.

"Mie nilifundishwa kukaa tu, dada. La kuinuka sijawahi kuulizwa."

Nilitamani kumzaba kibao, na wala hakuwa na kosa.

Agosti akaingia fainali, iliyochezwa kwenye uwanja wa shule. Mpinzani wake alikuwa Sekela, wa ofisi moja ya Kinondoni, mwanamke mwenye mdomo hasa. Asubuhi ile dada Atu aliniambia hatahesabu.

"Leo naacha mlango wazi, mdogo wangu. Wakinitukana nikakasirika, labda na kile kingine kitafuata nyuma."

Kombe hakulijali tena. Alikaa macho wazi, akisikiliza kila neno.

"Friji leo imekatiwa umeme," Sekela alianza, na benchi likacheka.

Waliendelea hivyo, na yeye akasubiri. Kisha mwanamume mmoja nyuma, sijui kama alifikiri, akasema, "Huyo hata mama yake hakumlilia."

Sekela aliinamisha macho. Maneno yale yalitoka ofisini kwetu, na ofisini yalitoka kwenye mdomo wangu, siku moja wakati wa chai. Wote tulisubiri ubao uruke. Dada Atu alimgeukia yule mtu, akamtazama kwa muda kama anayejaribu kukumbuka jina lake. Halafu akarudi kwenye mchezo. Sekela alimtegea kete, na kwenye drafti kula ni lazima. Akaila. Sekela akala tatu, akafika mwisho wa ubao, akaingia kingi. Mchezo uliisha pale. Dada Atu akampa mkono, akasema hongera.

Nilimkuta nyuma ya madarasa, karibu na bomba. Nilitaka kumwomba radhi. Nikasema, "Dada, yale maneno ni mie niliyeyasema," na sikufika mbali. Nilichuchumaa nikalia kwa sauti, kwa aibu yangu kwanza, kisha kwa ajili ya mama yake, ambaye nilimjua kwa simu tu, ambaye kila nilipompa shikamoo aliniuliza kama watu wote kwetu Lindi hawajambo.

Dada Atu alichuchumaa mbele yangu. Hakunibembeleza wala hakunikasirikia. Aliniinua kidevu kwa vidole viwili, akanitazama usoni kwa makini, machozi, kamasi na yote.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "unaanzaje?"