Nusu ya Tofali la Nanjing

Ni Ijumaa asubuhi, Maskati, mwaka 1969. Thabit bin Harub ameketi barazani, bakuli la watu amelibana kwa magoti, na keke yake inatoboa taratibu. Akikosea kidogo tu litapasuka, na mwenyewe atakuja juu.

Hii ndiyo kazi inayomlisha: kushona vyombo vya kauri vilivyovunjika, kwa vipande vya waya wa shaba. Akimaliza, hukigonga chombo kwa ukucha na kutega sikio.

"Kizima hulia. Kilichoshonwa hakilii tena, ukishone utakavyo," anasema. "Kinakuwa bubu, lakini mchuzi kinashika."

Ndani, shubakani, kuna kipande ambacho hajakishona. Ni nusu ya tofali jeupe la kauri kutoka mnara wa Nanjing, jiji lililokuwa makao ya wafalme wa China. Mnara huo ulitundikwa kengele zilizolia kwa upepo, mpaka ulipobomolewa vitani zaidi ya miaka mia iliyopita. Babu yake, baharia, aliliokota tofali kifusini akalipeleka nyumbani Unguja.

Huko baba yake Thabit alikuwa na mtindo wake. Kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, hulipiga kwa ufunguo. Mlio mmoja, chakula tayari. Miwili, yuko mgeni mlangoni, ongezeni sahani.

Mwaka 1964, katika purukushani za kuhama, tofali lilianguka likakatika. Thabit akaja Maskati na nusu moja, mdogo wake Ishaq akabaki Unguja na ya pili. Tangu hapo hakuna barua wala salamu.

"Ijumaa yetu ya kwanza hapa, nusu yangu ikalia. Peke yake!"

"Nlidhani panya," anadakia mkewe, Mahbuba. "Panya gani anayeijua Ijumaa?"

Ikawa inalia kila Ijumaa, mara moja, na kila mara nywele zinawasimama. Thabit huijibu kwa ukucha.

"Madhali inalia, Ishaq yu hai," anasema. "Lakini wiki hizi imenyamaza." Anakiogopa kimya hicho kuliko mlio wenyewe, wala hafichi.

Waya wa kuzishona nusu hizo ameshaukata, umefungwa kitambaani. "Zikikutana nitazishona kwa mkono wangu. Hazitalia tena milele, na siku hiyo ndiyo nnayoiomba."

Adhuhuri imepita, watu wamerudi kutoka msikitini. Mahbuba anapakua wali.

Shubakani, nusu ya tofali inalia.

Thabit anaruka, machozi yanamlenga, ukucha tayari kujibu. Kabla hajaigusa, inalia tena.

Mahbuba analitazama sinia, kisha mlango. Anatoa sahani nyingine.

"Bwana," ananong'ona, "na kama si mzima anayekuja?"

Thabit anafungua kile kitambaa, anauweka ule waya karibu na sinia. Kisha anakwenda kuondoa komeo.

"Vyovyote atakavyokuja, ni mdogo wangu," anasema. "Aingie tu."